Wikio

Pale Malindi, Daktari Nyevu aliibandika picha ya kichwa changu
penye mwanga, akanyamaza hadi chai yake ikapoa.
"Uvimbe hakuna," akasema. "Damu haijamwagika.
Ila kuna hiki."
Kalamu ikagusa kishipa kifupi kinachovuka
kutoka mkondo wa mbele kwenda mkondo wa nyuma.
"Hiki kilipaswa kufa kabla hujapewa jina."
Ndicho kiniumizacho? Hapana.
Kunywa maji, lala mapema, nunua miwani.

Nimerudi Lamu, bahasha mapajani.

Siku ya ishirini na nane, alinieleza,
nilikuwa punje ya chooko, mkia ninao,
ubongo wangu bomba tu, matundu yake yamezibwa juzi,
ndani hamna mshipa hata mmoja.
Damu ilianzia nje. Ilifuma wavu kulizunguka bomba:
kofia iliyodariziwa
kabla kichwa hakijakamilika.
Kisha vichipukizi vikatafuta ndani,
kama mvua inavyoujua ufa wa chokaa.

Mbele kulishiba mapema, nyuma kukabaki na kiu.
Ndipo likajengwa wikio,
chumba chembamba juu ya kichochoro,
damu ivuke nyumba hadi nyumba
wapita njia wasiione.
Siku saba, nane. Njia nyingine ikifunguka
hili huzibwa. Ndivyo kichwa kinavyojengwa,
kwa kufungua kupita kiasi, halafu kufunga.

Mama hakuwa na habari. Alikuwa akikanda unga wa mofa,
akishangaa harufu ya papa imemkosea nini.

Kwetu Mkomani wikio lipo la mawe.
Nyanya yangu, Bi Mwanalima, alipitia humo
kumpelekea dada yake uji;
miaka arubaini unyayo haukugusa njia ya chini.
Ulipokuja ugomvi wa mirathi
wajomba walileta mawe na chokaa.
Bibi akaenda kuketi katikati, na tasbihi yake,
siku tatu.
"Ndia ya uji haizibwi."
Mawe yale yakajengewa choo.

Nani basi aliketi ndani yangu,
chooko nisiye na macho,
akawakatalia mafundi?

Miwani bado sijanunua.
Kichwa kikianza kugonga nazima taa,
namsikiliza anayevuka,
bakuli limejaa,
polepole, asimwage.