Usiguse

Kazi yangu ni neno moja: usiguse.
Nalisema kwa Kipolandi, kwa Kijerumani kibovu,
na kwa kikohozi, Alhamisi, watoto wa shule wakija.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Mwenye vidole huambiwa kutwa.

Ukuta wa kaskazini, kipande namba kumi na nne:
gunia, lami, plasta, misumari iliyoshika kutu,
nyuzi za pamba zilizofagiwa chini ya mitambo
kiwanda kilipofungwa, hapa hapa Łódź,
pale wanapouza sasa viatu na aiskrimu.
Ludmiła Wrzos alizibandika kwa gundi ya mifupa;
siku ya kukitundika alinuka kama fundi viatu.
Kibandiko kinasema "malighafi mseto".
Hakisemi nani aliivaa ile aproni ya katikati,
iliyokakamaa kwa lami hata ikajisimamia
kama mtu aliyeitwa jina akageuka.

Mtaalamu wa Krakow aliieleza saa nzima.
Nilihesabu misumari. Arobaini na mmoja.

Februari akaja Bibi Pelagia,
theluji kwenye buti, mtoto wa jicho macho yote mawili.
Hakuuliza. Alivua glavu kwa meno.
Nikafungua kinywa nilitoe neno langu,
likakwama.

Kidole kilipita juu ya lami
kama unavyoshuka ngazi za kwenu umeme ukikatika.
Kikasimama penye upindo, uzi ulipoungwa.
"Fundo hili limegeuzwa," akasema.
"Zofka. Zamu ya usiku. Alikuwa mashoto."
Akaipapasa plasta, akaiwekea kiganja kizima.
"Baridi. Ndiyo, tuliegemea hapa tukila mkate."
Kisha gunia: hakusema kitu, alilikwaruza tu,
kwaru, kwaru,
na mimi, miaka tisa mbele ya ukuta ule,
ndiyo kwanza nikausikia.

Akakohoa. Si kikohozi changu cha kuonya;
kile kilitoka chini, kikavu, chenye pamba.

Katika daftari la zamu nikaandika: hakuna tukio.

Lami hulainika chini ya taa.
Asubuhi nilikuta kidole kimebaki,
na mistari yake yote, kando ya msumari wa thelathini.
Ludmiła bado hajakiona. Mkurugenzi hatazami chini ya kifua.
Alhamisi watoto wakija
nasimama mbele yake,
nakohoa.