Ritifaa

Rimouski, Januari. Mto umeganda hadi katikati,
na ghorofa ya pili ya ofisi ya manispaa
Mahée Ruest anasoma msimbo wa marehemu.
Hapana, Normand hajafa, amestaafu tu,
anafuga nyuki huko Matane,
lakini msimbo wake unanuka koti la mtu aliyekwisha ondoka.

Fomu mia mbili na kumi na mbili, zote kwa mkono.
Kila kisanduku kakiandika mwenyewe,
hapa kasahau lebo, pale kasahau kufunga,
na kila thamani kaizungushia alama moja ya kunukuu,
ukuta mwembamba huku, ukuta mwembamba kule,
akaamini hakuna jina linalokuja na tindo.

Basi mzee Réjean D'Amours akaomba nafasi
katika nyumba ya wazee. Si yake, ya Fernande, mkewe,
ambaye juzi alitia funguo za gari ndani ya jokofu
kisha akamwita yeye "daktari".
Akaandika jina. Akaandika anwani.
Akasahau msimbo wa posta.
Seva ikamrudishia fomu: *Tafadhali sahihisha.*
Na palipokuwa na jina lake
pamebaki D.

Akajaza tena. D.
Mara ya tatu kwa kidole kimoja, polepole. D.
Kwa lugha ya kwao jina hilo ni "wa mapenzi",
na mapenzi yote yamemwagika nje ya ukuta.
Si yeye peke yake. Faili lina L mmoja,
huyo ni L'Heureux, mwenye furaha,
ila furaha yake haikufika ofisini.

Usicheke, msomaji. Alama hii unaijua.
Iondoe kwenye ng'ombe, uone utakamua nini.
Iondoe kwenye ng'ambo, utavukia wapi?
Kipele tu juu ya mstari,
lakini hata ng'oa yenyewe haing'oi bila hicho.

Mahée hatibu fomu moja moja.
Anaandika kitendakazi kimoja, mistari kumi na mmoja,
anakiita *kisanduku*:
kipe jina la uga, kipe lebo, kipe thamani,
nacho kitazaa, kitafunga kilichofunguka,
na kila herufi yenye makali
kitaivisha ala kabla haijatoka nje.
Kisha ndugu zake: *orodha*, *tiki*, *kitufe*.
Siku tatu anang'oa ya Normand na kupanda yake.
Katikati ya fomu ya leseni za mbwa
anakuta maneno ambayo kivinjari hakiyaonyeshi:
*Nisameheni, nina haraka, mtoto anaumwa.*
Hayo hayafuti.

Alhamisi anawasha. Bwana D'Amours anatokea:
D, alama ya "na", reli, thelathini na tisa, nukta mkato, Amours.
Ala mbili kwa kisu kimoja!
Kitendakazi kimevisha, na seva kuukuu
nayo imevisha, kwa adabu zake za zamani.
Mahée anatukana kama watukanavyo kwao,
kwa vyombo vya kanisa: tabernakulo, kalisi.
Anafuta mstari mmoja.

Ijumaa mzee anakuja mwenyewe, buti zikichuruzika.
"Mimi ni D," anasema kaunta.
Mahée anamgeuzia kibodi.
Anaandika jina. Anaandika anwani. Anabonyeza.
*Tafadhali sahihisha*: msimbo wa posta, tena.
Lakini jina limerudi zima,
na mzee analigusa juu ya kioo,
pale hasa penye kipele.
"Ndiye," anasema.

Foleni ya vitanda: nambari kumi na nane.
Kitendakazi huzaa visanduku, hakizai vitanda,
na Mahée hana mstari wa kufuta hapo.

Mzee anaazima kalamu.
Anaandika msimbo wa posta kiganjani, anaupulizia ukauke,
kisha anasimama mlangoni kitambo
akijaribu kukumbuka
glavu zilikuwa mbili au moja.