Kuifuta W

Lifti ilikuwa imekufa tangu Jumanne,
basi rasimu ikashuka ngazi badala ya sisi kupanda:
kurasa arobaini na moja mikononi mwa Bwana Mutinda,
hadi maegeshoni, nyuma ya jengo, hapa Ngara,
kati ya gari la kaunti na jiko la mama wa chapati.

Mimi na kiti changu, gurudumu la kushoto likilia kama kifaranga.
Kerubo na magongo yake. Halkano na mkalimani wake.
Odera, ambaye nakala yake ya nukta nundu
ilifika tupu: mashine ilipitisha karatasi, haikutoboa.
Akaipapasa yote, ukurasa kwa ukurasa, kwa adabu,
kisha akasema, "Mpaka hapa sina pingamizi."

Mutinda akasoma kwa sauti.
Mlemavu ataoshwa. Atalishwa. Atapelekwa kliniki.
Atatembelewa mara moja kwa mwezi. Atahesabiwa.
Na ukurasa wa mwisho: atashirikishwa.

Ni Kerubo aliyeisikia kwanza. Amefundisha sarufi
miaka kumi na tisa, darasa la sita, Kariobangi.
Akainua gongo kama chaki:
"Bwana Mutinda, hebu hesabu hizo w.
Mpango mzima hatuna hata kitenzi kimoja
tunachokitenda. Tumetendwa mwanzo mpaka mwisho."

Mama wa chapati akageuza chapati.

Tukaanza kufuta. Si kazi nyepesi;
w ni herufi ndogo lakini ina mizizi.
Ukiing'oa kwenye kuoshwa, sharti useme maji yako wapi,
nani anamlipa msaidizi, na nani anaweza kumwachisha kazi.
Ukiing'oa kwenye kupelekwa, inabaki barabara,
na ile ya Kayole, mvua ikinyesha, haipitiki kwa gurudumu.
Saa tatu, saa tano, saa saba. Mutinda akavua koti.
Alibisha kuhusu bajeti; tukabisha naye;
Halkano alibisha kwa mikono yote miwili,
kasi hata mkalimani akaomba maji.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeandaa hotuba.
Haikuja.
Nikasema: dada yangu hunilaza saa moja jioni.
Si mbaya. Huamka alfajiri kwenda Gikomba, na mgongo wake ni mmoja.
Lakini nina miaka thelathini na minne
na usiku wa Nairobi naujua kwa masikio tu.
Nataka msaidizi wa zamu ya usiku.
Nataka kulala nikichoka mimi.
Nataka kuunguza ugali wangu mwenyewe
na nisiwe na wa kumlaumu.

"Kuunguza niliandike vipi?" akauliza Mutinda.
"Kama ulivyolisikia," akasema Odera.
Liko ukurasa wa kumi na sita, aya ya pili.

Atashirikishwa ilituchukua dakika moja.
Kerubo aliifuta w, akaifuta na sh,
mzizi ukarudi ulipokuwa: atashiriki.
Kisha akalitazama neno, akafuta a ya mwanzo, akaweka tu.
Tutashiriki. Mutinda naye akiwamo.

Zilibaki w mbili. Kuzaliwa, katika utangulizi,
na kuzikwa, katika aya ya bima.
"Hizo ziacheni," akasema Odera, "ni za kila mtu."
Halkano akainua mkono. Vidole vikasema kitu kifupi,
mkalimani akasita kabla ya kukitamka:
"Anasema kuna ya tatu. Kupendwa.
Anauliza iko ukurasa gani."

Mutinda aligeuza karatasi. Kweli aliitafuta.

Tulitia sahihi juu ya boneti ya gari la kaunti,
bati likituchoma viganja, wao kwanza, sisi kwanza,
kalamu ikipita huku na huku hadi ikaisha wino.
Odera aliikunja nakala yake tupu, akaitia mfukoni.
"Hii," akasema, "ni ya ukurasa wa Halkano."