Saruji

Nilifika Ibra na mkoba mmoja na Kiarabu cha chuoni.
Mwezi wa pili shangazi alinionesha ufa
uliopanda kutoka kizingitini hadi chini ya boriti,
mwembamba kama uzi wa mshona kofia,
akasema kwa Kiswahili chake cha Wete, kilichogoma kuzeeka:
"Mwanangu, tia saruji."

Nikatia saruji.
Mifuko sita, nikaibeba mgongoni kichochoroni
ambamo hata punda hufikiri mara mbili.
Nikakandika, nikalaza kwa mwiko, nikapiga pima maji,
nikauacha ukuta umekuwa wa kijivu, laini, wa kisasa,
na jina langu pembeni, kwa ncha ya msumari.
Skuli nilifunzwa: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hakuna aliyeniambia uzibwe kwa kitu gani.

Miaka kumi na tisa.
Ukuta ulikunywa maji ya chini, kama kuta zote za udongo,
ukatafuta pa kuyatolea, ukakuta mlango umefungwa.
Chumvi ikachanua nyeupe kandokando.
Matofali ya ndani yakalegea kama halua iliyosahauliwa juani,
na mimi nanyunyiza dawa, nadhani ni mchwa.

Dilmurad alitoka Saham.
Mbalushi, mfupi, sikio moja kalitia pamba.
Hakuanza na nyundo. Aligonga kwa kifundo cha kidole,
juu, kati, chini,
kama anunuaye tikiti maji.
Penye kazi yangu ukuta ulijibu do, do, mtupu.
"Nani kafanya hivi?"
Nikatazama ndara zangu.
"Nilitumwa saruji," nikasema, "nikaleta saruji."
Alicheka hata pamba ikamtoka.

Kumbe huku neno hilohilo lina mwili mwingine:
udongo wa shamba la mitende, ukandwe, ufinyangwe mikate,
ukauke, upangwe juu ya magogo, uchomwe mchana na usiku,
upondwe, uchekechwe, utiwe chokaa,
mpaka uwe rangi ya mdalasini.
Sisi wa ng'ambo tulichukua jina
tukalitia kwenye mfuko wa kiwandani.
Shangazi kasema moja, mimi nimesikia jingine,
na katikati yetu nyumba ikaoza.

Tulianza alfajiri, kabla mawe hayajashika moto.
Tindo, nyundo ndogo. Saruji yangu ilitoka na nyama ya ukuta,
kama plasta kwenye mkono wenye malaika.
Nyuma yake, tofali la tano lilikuwa na alama ya kwato.
Mwanambuzi alilikanyaga likiwa bichi,
mtu akamlaani, bila shaka,
kisha akalijenga hivyohivyo.
Kwenye kiungo: makapi, kokwa ya tende, unywele mweupe.
Dilmurad alivirudisha vyote.

Lowesha jiwe kwanza, alisema, lenye kiu litapora maji.
Songeza vijiwe kwenye pengo. Bonyeza kwa kidole gumba.
Ngoja.
Funika kwa gunia lililoloa. Ngoja tena.
Kiungo kiwe dhaifu kuliko jiwe:
kikija kishindo, kipasuke kinachotengenezeka.
Hilo niliandika nyuma ya risiti.

Siku ya mwisho shangazi aliletwa na kiti chake cha magurudumu.
Alipapasa viungo kimoja kimoja, kwa kiganja,
akafika pembeni, kwenye kipande cha kijivu chenye jina langu.
Dilmurad akainua tindo.
"Hicho kiache."
"Kitaoza, bibi. Kitaozesha na jirani yake."
"Najua. Kiache."
Kisha kwangu, bila kugeuka:
"Utakuwa unakuja kukitazama."

Leo Ijumaa. Nimekuja na ndoo, na mwiko,
na halua ya zafarani, robo kilo.
Chumvi imesogea upana wa ukucha.
Shangazi anauliza imefika wapi,
nami namwambia.