Sanduku la Mninga

Mihayo alishashika nyundo.
Nikasema hapana, skrubu; nitalifungua mara mia.
Shubiri moja na nusu kila upande,
likae kwenye keria ya baiskeli toka Isevya hadi mizingani,
na kompyuta iliyomo isikohoe,
maana kipaza sauti kinasikiliza nyuki.

Vifeni vinne vyenye mlio wa mbu nilivitoa.
Nikafunga feni moja, pana, mvivu.

Oktoba ikanicheka.
Nyuzi tisini. Kioo giza.

Nikachuchumaa ubavuni mwa mzinga, jua la saa nane,
nikawaona mlangoni wamejipanga, miguu imeng'ang'ania ubao,
wanapepea bila kuruka.
Hewa ya moto inatokea kushoto,
ya nje inaingilia kulia,
hazipigani vikumbo.

Na mimi nilitoboa sanduku kama chekeche!

Matundu kumi na moja nikayaziba kwa nta.
Likabaki moja chini, moja juu.
Imeshuka, haijapanda tena,
na nta mpaka leo haijatoa chozi.

Jana Mihayo kaja, kainamisha sikio kwenye mbao zake.
"Nyamizi, mbona umeizima?"

Nikaweka kidole mdomoni.
Ilikuwa inarekodi.