Ieleze Karatasi Hiyo

Hakimu alitaka jambo moja tu:
ieleze karatasi unayoidai.
Tarehe yake, aliyeiandika, aliyeandikiwa,
na kipi kinachokufanya uamini wanayo.
Sheria haifungui kabati la mtu
kwa sababu wewe umeumia.

Nikageuka. Benchi la nyuma, Bi Ghaniya,
buibui limeufunika mkono
ambao hadi mwezi wa Rajabu ulikuwa mzima.
Sufuria la presha, lita saba, dhamana miaka miwili,
alilinunua Mabela kwa riale kumi na nne na nusu.
Mbaazi zachemka, yeye anakuna nazi,
kifuniko kikaruka
bila hata kupiga mluzi.

Nitaielezaje karatasi nisiyoiona?
Ni kuambiwa umtaje mwizi
na jina la babu yake,
ndipo watu watoke mbio.

Mawakili wa kampuni ni waungwana sana.
Walituletea makasha kumi na tisa
ofisini Ruwi, ghorofa ya tatu, lifti mbovu;
kijana aliyeyapandisha aliomba maji mara mbili.
Risiti za chai. Ratiba za likizo.
Picha za tafrija ya wauzaji bora,
kila mmoja kakumbatia saa ya ukutani.
Karatasi elfu sita, hamna hata moja ya uongo,
na hamna hata moja inayosema neno.

Nikasoma.
Nje lami inayeyuka, ndani kiyoyozi kinakohoa,
mimi na rula, mstari kwa mstari,
mpaka herufi zikawa chawa.

Kasha la kumi na nne, usiku wa tisa,
madai ya nauli:
*Mhandisi Eldho Kuriakose. Teksi, Ghala hadi uwanja wa ndege.
Riale sita na baisa mia tatu.
Sababu: kumkabidhi meneja wa ununuzi, kabla hajasafiri,
barua yangu ya tarehe tatu Machi juu ya vali mpya.*

Barua waliificha.
Nauli waliilipa, wakaipiga muhuri,
wakaihifadhi vizuri kwa ajili ya wakaguzi.

Nikarudi mahakamani nikaieleza:
tarehe tatu Machi, mheshimiwa,
kutoka kwa Eldho, kwenda kwa meneja wa ununuzi,
inahusu vali, na ilipanda teksi.
Wakili wao akaanza kutafuta kalamu
iliyokuwa mkononi mwake.

Leo nipo Ghala na amri ya siku kumi na nne.
Ghala, mtaa wenye jina ambalo kwetu ni stoo,
na kweli ni mabati matupu, milango ya kukunja,
na jua linalokutia mkono shingoni.
Mtunza stoo anajaribu funguo. Wa kwanza sio.
Wa pili sio. Ananiambia pole,
ananiambia huenda faili zilihamishiwa Sohari,
anajaribu wa tatu.

Simu inalia. Bi Ghaniya.
Haniulizi barua.
Anasema lile sufuria bado lipo uvunguni mwa kitanda,
mbaazi zimekaukia kifunikoni, lanuka,
na kesho kuna wageni,
je, alisugue?

Usilisugue, Bi Ghaniya.
Nakuomba. Usilisugue.