Bado

Mkanda wa presha unapovimba mkononi
Sekela anarudi kwenye banda la pareto:
ana miaka tisa, maua yameanikwa kwenye chanja,
na kiganja cha baba mdogo kinabana hapo hapo.

Mia na sitini, anasema nesi,
anaandika kwenye kadi.
Chumvi unazidisha? Hapana. Kichwa? Kidogo.
Usingizi?
Sekela anatazama ukungu wa Ilembo
ukiingia dirishani bila hodi.

Kadi haina mstari wa banda.
Mama alisema: yameisha, funga mdomo.
Mdomo ukatii. Mwili haukuambiwa;
leo una mimba ya miezi minane
na bado unashtuka kila mlango ukilia.

Usiku wa uchungu, baridi ya Julai,
mkunga Atuganile ananawa, anasimama
mikono juu, kama mgeni kizingitini:
"Mama, naomba ruhusa nikuguse.
Ukisema bado, ni bado."

Bado, akasema Sekela.
Mikono ikabaki pale pale.

Akalirudia, kulionja tu:
bado.

Uchungu ukaja, ukapita.
Haya, akasema. Sasa.